Zamu ya Kukata Upepo

Asiyeujua mchezo wa baiskeli akiliona kundi la waendeshaji likipita alfajiri ya Jumapili kwenye barabara ya Bagamoyo, macho yake humwendea aliye mbele. Humdhania ndiye bingwa, na wengine wote wanahangaika kumfikia. Akiendelea kutazama, hesabu yake huvurugika. Yule wa mbele anachepuka kidogo kando, anawaachia wenzake wampite mmoja mmoja, kisha anajibanza mkiani. Hajachoka, wala hajashindwa. Aliyerithi nafasi yake naye atachepuka baada ya dakika moja au mbili, na anayemfuata vivyo hivyo, mpaka kila mtu awe amekaa mbele na kila mtu awe amekaa nyuma.

Napenda kuwatazama watu hao, na sitazami misuli yao wala bei ya baiskeli zao. Natazama ile sekunde moja ya kupokezana. Ufundi wa kuendesha kwa kundi umo humo karibu wote, na kipimo chake ni cha ajabu: fundi akishika zamu ya mbele, walio nyuma yake hawatambui kwamba kuna kilichobadilika. Michezo mingi humtukuza anayeonekana. Kazi hii humtukuza anayefanya jambo zito bila kusababisha msukosuko hata kidogo, na kwa hiyo huchukua muda mrefu kuijua na muda mrefu zaidi kuithamini.

Chanzo cha yote ni upepo. Mtu aliye juu ya baiskeli ya Foniksi yenye kapu, mwendo wa kwenda sokoni, hewa haina habari naye. Kinachomtoa jasho ni mzigo, mchanga na mlima. Mwendo ukifika kilomita 40 kwa saa kwenye lami tambarare, mambo hugeuka. Hapo nguvu nane au tisa katika kila kumi zinazotoka miguuni huishia kuisukuma hewa. Tena hewa haina bei moja. Mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne, na nguvu zinazohitajika huongezeka mara nane. Ndiyo maana mtu anayemudu kilomita 35 kwa saa peke yake, asubuhi nzima, akijaribu 45 hujikuta anahema baada ya dakika chache.

Hata hivyo, hewa iliyokwisha kupasuliwa na mwili wa mtu haijifungi papo hapo. Nyuma yake hubaki nafasi yenye utulivu, na anayeingia humo, gurudumu lake la mbele likiwa sentimita 30 hivi kutoka gurudumu la nyuma la mwenzake, huokoa robo au theluthi ya nguvu zake, na pengine zaidi. Kundi likiwa kubwa, nafuu huwa kubwa vilevile. Mwaka 2018 Bert Blocken wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, na wenzake walichapisha vipimo vya kundi la waendeshaji 121. Waliokuwa katikati ya kundi lililosongamana walikutana na asilimia 5 hadi 10 tu ya ukinzani ambao mtu hukutana nao akiwa peke yake. Na hata aliye mbele hakosi chake: anayemfuata kwa karibu hupunguza mvuto wa hewa unaomrudisha nyuma, kwa hiyo kundi humlipa kidogo hata wakati yeye ndiye anayelifanyia kazi.

Mwitaliano Filippo Ganna anaweza kutupa kipimo cha nafuu hiyo kwa saa ya mkononi. Mwezi Oktoba 2022 aliendesha kilomita 4 uwanjani, peke yake, kwa dakika 3 na sekunde 59.636, na hakuna binadamu aliyewahi kufanya hivyo kwa kasi ile kabla yake. Lakini mwaka mmoja kabla, kwenye Olimpiki ya Tokyo, mtu huyo huyo alikuwa amemaliza kilomita hizo hizo 4 kwa dakika 3 na sekunde 42.032, akiwa na Francesco Lamon, Simone Consonni na Jonathan Milan. Sekunde 17 na nusu zimetoka wapi? Hazikutoka kwenye mapafu ya Ganna. Zilitoka kwenye zamu.

Mbio hizo za timu za uwanjani ndizo shule ya juu kabisa ya ufundi huu. Waendeshaji wanne huzunguka uwanja wa mbao wa mita 250 wenye kona zilizoinuliwa. Baiskeli zao hazina breki wala gia za kubadilisha; gurudumu likizunguka, pedali nazo huzunguka, utake usitake. Anayemaliza zamu hupanda juu kwenye mwinamo wa kona, mwinuko ukampunguzia mwendo wenyewe, wenzake wakapita chini yake, kisha akateremka na kutua nyuma ya wa nne. Yote hayo hufanyika kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Muda wa timu husimamishwa gurudumu la wa tatu linapovuka mstari, kwa hiyo mmoja anaruhusiwa kujimaliza kabisa na kuachwa, lakini wawili hawaruhusiwi. Kwenye fainali ya Tokyo, Waitaliano walikuwa nyuma ya Denmark hadi mizunguko ya mwisho. Ganna akashika mbele, akavuta, wakashinda kwa sekunde 0.166. Wengi waliikumbuka nguvu yake. Mimi niliwatazama waliokuwa nyuma yake, waliobaki wameganda kwenye gurudumu lake wakati yeye anaongeza mwendo kidogo kidogo, bila kuwakatikia.

Kwenye barabara zetu za kawaida kazi ni ile ile, ila polepole zaidi, na mashimo yamo. Tuitazame zamu moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Aliye mbele huamua kutoka akiwa bado ana nguvu. Hili ni somo la kwanza, na kwa vijana ndilo gumu kuliko yote. Anayengoja mpaka mapaja yawake moto amechelewa, kwa sababu kazi yake haijaisha: bado anatakiwa kushuka hadi mkiani na kulidaka gurudumu la mwisho, na jambo hilo nalo linataka miguu. Wengi huachwa hapo hapo. Wamevuta kwa ushujaa, wamesifiwa, kisha wanalitazama kundi likiondoka nao hawana hata chembe ya nguvu ya kulifuata. Hawakuangushwa na udhaifu. Wameangushwa na sifa.

Kabla ya kutoka hutupa jicho nyuma ya bega kuona kama kuna gari, kisha hutikisa kiwiko kuashiria. Huhama kwanza, walau nusu mita, ndipo hulegeza pedali. Akilegeza kabla ya kuhama, mwenzake atamgonga, na ajali ya namna hiyo ina kanuni isiyo na huruma: magurudumu yakigusana, anayeanguka ni wa nyuma. Akishahama huendelea kukanyaga, ila kwa nguvu pungufu kidogo, huku mstari ukimpita bega kwa bega, karibu kiasi cha kuweza kumgusa mwenzake mkono. Akienda mbali na mstari, atakuwa anapigana na upepo peke yake, na tena amechukua nafasi ya barabara isiyo yake.

Sasa mtazame aliyebaki mbele. Ghafla upepo wote uko kifuani mwake. Njia iko wazi, damu inachemka, na anajua kwamba kila mtu anautazama mgongo wake. Kishawishi ni kukanyaga kwa nguvu, waone kwamba naye yumo. Akifanya hivyo, mwendo ukapanda kutoka 36 hadi 39, madhara yake yanateremka mstari mzima. Aliyetoka mbele sasa hivi, ambaye ndiye aliyefanya kazi kuliko wote, hataweza kulidaka kundi. Wa tatu na wa nne watalazimika kukimbia kuziba pengo. Wa mwisho, ambaye hakuona kilichotokea, atalipa gharama kubwa kuliko wote. Fundi hutazama kipima mwendo kwenye usukani wake kabla zamu haijamfikia, huikariri ile namba, na akishika mbele huilinda namba ile ile. Miguu yake itafanya kazi zaidi, kwa kuwa sasa ndiye anayekata upepo. Mwendo hautabadilika.

Aliyewahi kuona wanawake watatu wakitwanga kwenye kinu kimoja anaifahamu nidhamu hii. Kila mchi una nafasi yake ya kushuka, na mwenye nguvu kuliko wenzake hawezi kuharakisha peke yake bila kugonganisha michi na kumwaga mahindi. Uhodari wa mtu hapo hauonekani kwa kishindo anachopiga. Unaonekana kwa mdundo usiokatika.

Mkiani nako kuna kazi. Anayeshuka asipoanza kukanyaga mapema, kundi litampita na pengo litafunguka. Huanza kuongeza nguvu anapokuwa sambamba na aliye wa mwisho, si baada ya kupitwa, na kwa hisani yule wa mwisho humwambia: "Wa mwisho!" Neno hilo moja limeokoa watu wengi. Likishasemwa, anayeshuka huteleza nyuma ya gurudumu bila kishindo, na hapo ndipo mahali pa kunywa maji, kutafuna tende na kunyoosha mgongo. Anayekunywa maji akiwa wa pili hana adabu ya mchezo.

Nafasi za katikati huonekana kama za mapumziko, lakini zina ufundi wake. Mgeni hukodolea macho gurudumu lililo mbele yake, na kwa kulikodolea hivyo hushtuka kila linapotikisika. Mzoefu hutazama kiuno na mabega ya mwenzake, na zaidi huchungulia watu watatu au wanne mbele, ili habari imfikie mapema. Breki haiguswi ovyo. Akijikuta anamkaribia mno aliye mbele, huinua kifua kidogo, upepo ukampunguza, au huachia pedali kwa nusu mzunguko. Akitaka kusimama juu ya pedali hubadilisha gia kwanza na kuinuka mguu ukiwa unasukuma, kwa maana anayeinuka ovyo huirudisha baiskeli yake nyuma, na nyuma kuna uso wa mtu.

Ardhi nayo hubadilisha wajibu wa aliye mbele. Kwenye kona, hupita na kuendelea taratibu, kwa sababu mkia bado unafunga breki. Akiondoka kwa kasi, wa mwisho atakimbia mbio za mita 100 kila kona. Juu ya kilima, hasherehekei kufika kileleni. Huhesabu kwamba wenzake wengine bado wanapanda, hungoja kwa pumzi mbili tatu, ndipo huongeza. Kwenye mteremko, ambako kila mtu angependa kuachia miguu, yeye huendelea kukanyaga, maana walio kwenye kinga ya upepo huteremka haraka kuliko yeye, na asipokanyaga watamrundikia mgongoni. Na wakati wote huo yeye ndiye macho ya wenzake. Huonyesha shimo kwa kidole na kulitaja kwa sauti, "Shimo!", nalo neno hupokezanwa hadi mkiani, kadhalika "Gari nyuma!" hupanda kutoka mkiani hadi mbele. Kiongozi anayelikwepa shimo peke yake, kimya kimya, amewatelekeza waliomwamini.

Swali la haki huja hapa. Kundi la watu wanane halina nguvu nane zilizo sawa. Yumo kijana wa mashindano, yumo mwalimu wa miaka 50, yumo anayerudi baada ya malaria. Wakigawana mbele sawasawa, dhaifu atakatika na kundi litavunjika. Wakimwachia hodari peke yake, naye atachoka na kundi litazorota. Jibu ambalo mchezo huu umelipata ni rahisi kulitamka na gumu kulifuata: mwenye nguvu aongeze muda, asiongeze mwendo, aliyechoka apunguze muda, asipunguze mwendo. Hodari akae mbele dakika tano. Mwalimu akae sekunde 20, au afike mbele na kutoka hapo hapo. Mwendo ni mali ya kundi, hakuna mwenye haki ya kuuchezea. Muda ndio mchango wa kila mtu, na kila mtu hutoa kwa kadiri ya alichonacho.

Nasema ni gumu kulifuata kwa sababu linadai watu wawili wajinyenyekeze kwa njia mbili tofauti. Hodari anakubali nguvu zake zisionekane. Dhaifu anakubali zamu yake fupi ionekane. Na huyu wa pili, akiona hata sekunde 20 zimemshinda, hukaa mkiani kabisa na kuwafungulia nafasi wanaoshuka waingie mbele yake. Hapo hana deni kwa mtu. Ametangaza hali yake, na analisaidia kundi kwa kutolivuruga.

Mwenye deni ni anayedandia: ana nguvu, anajificha nyuma safari nzima, kisha mita 300 kabla ya kibao cha mji anachomoka kama mshindi. Sheria za mashindano hazimkatazi. Yapo hata mazingira ambayo kukataa kuvuta ni halali na hakuna anayelalamika, kwa mfano mtu anapokuwa na mwenzake wa timu aliyetangulia mbele. Lakini kwenye safari ya Jumapili hakuna timu mbili, na udandiaji hauna utetezi. Waendeshaji hawasahau. Atakayetobolewa gurudumu siku nyingine ndipo atakapojua amejiwekea akiba gani.

Hata kwa mabingwa, uchoyo wa zamu una bei. Tarehe 21 Aprili 2019, kwenye mbio za Amstel Gold nchini Uholanzi, Julian Alaphilippe na Jakob Fuglsang walikuwa wametangulia wawili, ushindi ukionekana ni wa mmoja wao. Walipokaribia mwisho wakaanza kuchungana. Kila mmoja aliogopa kumvuta mwenziwe hadi mstarini, mwendo ukapungua, wakatazamana. Nyuma yao Mathieu van der Poel alikuwa anavuta kundi la wafukuzaji bila kuuliza nani anamsaidia. Akawakuta kwenye mita za mwisho, akawapita wote na kushinda. Fuglsang alikuwa wa tatu na Alaphilippe wa nne. Wangeendelea kupokezana, mmoja wao angeshinda na mwingine angekuwa wa pili.

Kinyume chake kilionekana tarehe 13 Julai 2016 kwenye Tour de France, hatua ya kwenda Montpellier, upepo ukivuma kwa ubavu. Zikiwa zimebaki kilomita 12 hivi, Peter Sagan na Maciej Bodnar wa timu moja walichomoka. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kuanzia mbio zake kwenye kundi la David Kinjah huko Kikuyu, alikuwa amevaa jezi ya manjano ya kiongozi wa mashindano. Alichomoka nao, na mwenzake Geraint Thomas akaungana nao. Timu mbili, malengo mawili: Sagan alitaka ushindi wa siku, Froome alitaka sekunde dhidi ya wapinzani wake. Hawakuwa na muda wa mazungumzo. Walipokezana mbele, wanne dhidi ya kundi zima lililokuwa linawafukuza kwa hasira, wakalizuia kwa sekunde 6. Sagan alipata ushindi wake, Froome akapata sekunde zake, na ziada ya sekunde 6 kwa kuwa wa pili. Maslahi yao yalitofautiana. Upepo wao ulikuwa mmoja, na hilo lilitosha.

Upepo wa ubavu unastahili maneno yake, kwa sababu ndio unaotenganisha mafundi na wanagenzi. Watu wa pwani wataelewa upesi. Upepo wa kusi unapovuma, katikati ya mwaka, safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo husukumwa mgongoni, na kurudi ndiko kunakolipiwa. Kaskazi ikishaingia, kuelekea mwisho wa mwaka, upepo humpiga anayekwenda Bagamoyo upande wa kulia. Hapo kinga haipo tena nyuma ya mwenzako. Ipo nyuma yake na kushoto kwake. Kwa hiyo mstari hulala mshazari, kila mmoja akichungulia pembeni mwa aliye mbele yake. Kiongozi mwungwana husogea kulia kidogo, kadiri magari yanavyoruhusu, ili wenzake wapate nafasi ya kujipanga upande wa kushoto. Mchoyo hujibana ukingoni mwa lami kushoto, akawaacha wote nyuma yake bila kinga. Kwa tendo dogo hilo la kuchagua upande, mtu hujulikana. Kupokezana nako hufuata kanuni: anayetoka mbele hutokea upande unakotoka upepo, ili wanaoshuka wawe ukuta wa wanaopanda.

Kwenye mashindano, ambako barabara nzima hufungwa, Wabelgiji na Waholanzi wameufanya mshazari huo kuwa silaha. Upana wa lami huamua ni wangapi watapata kinga; wakijaa, anayefuata hana pa kwenda ila ukingoni, kwenye upepo mtupu. Mwezi Oktoba 2016 mashindano ya dunia yalifanyika Doha, Qatar. Upepo wa jangwani ulipolishika kundi ubavuni, Wabelgiji walipanga mshazari wao mbele, na majina makubwa yaliyobaki nyuma hayakuonekana tena hadi mwisho. Sagan, aliyewahi kuingia kundi la mbele, akatwaa ubingwa. Na hapa pana hekima nyingine ninayoipenda: aliyekosa nafasi kwenye mshazari wa kwanza asing'ang'anie ukingoni akiungua. Fundi hugeuka, huita wenzake watano sita waliokosa kama yeye, na kuanzisha mshazari wa pili. Kwa kukubali kwamba amechelewa, hujiokoa yeye na wengine.

Kinga ya upepo haina miujiza kila mahali. Mlimani mwendo hupungua, na faida ya kufuata gurudumu hupungua nao. Mashindano ya dunia yalipofanyika Kigali mwezi Septemba 2025, mara ya kwanza kwenye ardhi ya Afrika, vilima vya mji ule vililichambua kundi mpaka Tadej Pogačar akaendesha kilomita 66 za mwisho peke yake na kushinda. Ni ushindi wa kuvua kofia. Lakini haufundishiki, huwezi kumwambia kijana wa Mwanza awe Pogačar. Kupokezana kunafundishika, na mtu wa kawaida anaweza kukumudu hadi kuwa hodari.

Kufundishika huko kuna ushahidi wa zamani. Gösta, Sture, Erik na Tomas Pettersson wa Uswidi, ndugu wa familia moja, walitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za timu za kilomita 100 mwaka 1967, 1968 na 1969, na medali ya fedha ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968. Mbio zile zilikuwa ni zamu tupu: watu wanne, barabara iliyonyooka, saa mbili na dakika kadhaa za kupokezana. Nguvu wanazo wengi. Ndugu wanne waliokua pamoja walikuwa na kitu adimu zaidi: kila mmoja aliijua pumzi ya mwenzake, akajua atataka kutoka lini kabla hajatikisa kiwiko.

Na yupo Tim Declercq, Mbelgiji ambaye mashabiki walimpa jina la Trekta. Kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kukaa mbele ya kundi zima kwa saa nyingi, akiwachunga waliotangulia wasiende mbali, kisha kutoweka kabla ya kilomita ambazo dunia huzitazama. Kwenye Tour de France ya mwaka 2021 alishika nafasi ya mwisho kabisa, wa 141 kati ya 141 waliomaliza. Mwaka huo huo mwenzake wa timu, Mark Cavendish, alishinda hatua nne na kuifikia rekodi ya Eddy Merckx ya ushindi wa hatua 34. Karatasi ya matokeo inasema mmoja alikuwa shujaa na mwingine mkia. Wanaojua wanasoma karatasi hiyo kwa namna nyingine.

Ukijiunga na kundi la baiskeli mjini kwako, kuna siku utafika mbele kwa mara ya kwanza na kusikia upepo wote ukikujia. Usikimbilie kujionyesha. Ilinde namba uliyoikuta, onyesha mashimo, toka ukiwa bado una nguvu, na ukijisikia vizuri ongeza muda, usiongeze mwendo. Na ukitaka kumjua mwendeshaji bora wa kundi hilo, usimtafute kwa aliyetangulia kufika. Muulize wa mwisho kabisa ni nani akishika zamu ya mbele, yeye hupata kupumua.